Dirisha la Ghorofa ya Juu

Ningali naikumbuka siku ile, mwanangu, nilipopanda ngazi za nyumba moja hapa kisiwani Amu na muhuri mpya mfukoni. Ndiyo kwanza nilikuwa nimekubaliwa katika chama cha taifa cha wasanifu majengo, wa kwanza kutoka mtaa wetu wa Langoni, na nilikuwa nikitembea kama kwamba ndia yote ni yangu. Usicheke. Wiki ijayo nawe utakuwa hivyo hivyo.

Mwenye nyumba alitaka aione bahari akiwa kitandani, nami nikamchorea dirisha pana ghorofa ya juu. Fundi wetu mwashi, Bwana Shee, mzee aliyeniona nikitambaa, akautazama mchoro, akaweka mwiko chini.

"Dirisha hili latazama kiwanda cha jirani, Bi Mwanaesha," akasema. "Mimi silitoboi."

Kiwanda ndio ule ua wa ndani, mwanamke anapoketi kichwa wazi akasuka nywele zake. Nami kwa ujeuri nikamwambia mchoro una muhuri, ofisi imeupitisha, yeye ni nani? Nikaleta fundi mwengine, dirisha likatobolewa.

Mwezi haukwisha, Bi Mwanaesha akaniita. Nikamkuta anafua, amejitanda buibui, jasho lamtiririka. Nikadhani amejistiri kwa ajili yangu.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Sasa ndivyo nifuavyo kila siku." Akanionyesha juu kwa kidole chenye povu la sabuni. "Mlango wangu waujua, mwanangu, na hodi waijua. Hii ndia ya juu nani kakupa?"

Niliona haya, wallahi.

Nikaenda kumwomba mwenye nyumba tulizibe dirisha. Akakataa katakata, akanishtaki chamani kwamba namgeuka kazi ikiwa imekwisha. Nikaitwa Nairobi mbele ya wakubwa wa fani, ambao wangeweza kuniondoa uanachama. Rafiki akaninong'oneza niseme mteja ndiye aliyelitaka, na sheria haikatazi. Kweli, haikatazi. Lakini nilisimama nikasema kosa ni langu, nilichora nyumba nikamsahau jirani.

Mwenyekiti, mama mmoja mkali wa bara, akavua miwani.

"Rudi ukalizibe," akasema, "na uchore jingine lione bahari bila kumwona mtu. Mteja wako tutamwandikia sisi."

Wakamwandikia kweli, na bwana yule akakubali dirisha jipya nililomchorea. Bwana Shee ndiye aliyeliziba lile la kwanza, nami nikimkorogea chokaa, mtaa mzima ukitutazama. Tangu hapo najivunia kuitwa mwanachama. Chama kile kilisimama na mama wa Langoni ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona.

Basi wiki ijayo wakikupokea chamani, tembea kifua mbele, binti yangu. Mimi nimekwisha kuwatangazia watu wote wa msikitini, na mama yako ananiambia nimezidi. Ila kabla hujagonga muhuri kwenye mchoro wowote, nenda ukapige hodi kwa jirani. Wewe ni mwanamke, watakufungulia mpaka ndani. Fundi akikukatalia, muulize sababu. Na ukikosea, uwe wa kwanza kusema, hata kama hakuna sheria ya kukubana.

Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu na haya, na kila nyumba utakayoichora iwe stara kwa walio ndani yake na kwa waliopakana nayo. Amin.