Taulo la Kocha

Kocha wetu wa ndondi hapa Belfast hatembei bila taulo shingoni, hata kanisani analo. Ukimwambia kuacha sigara kumekushinda, analishika ncha zote mbili, analivuta na kunguruma: "Hakuna kurusha taulo, bwana!" Mke wa mwenye bucha alipomlilia kwamba amechoka na ndoa, alijibiwa hivyohivyo. Mabondia humrudia kwenye kona jicho limevimba na kufumba. Badala ya kulirusha ulingoni kusalimu amri kwa niaba yao, yeye huwapangusa, huwamwagia maji kichwani na kuwasukuma tena katikati ya ulingo.

Jumamosi ikawa zamu ya binti yake, Bronagh, kwenye fainali. Raundi ya kwanza alimchezea mwenzake alivyotaka. Ya pili akala ngumi moja ya pua, damu ikachuruzika kidogo, na kabla hajaifuta, taulo likatua miguuni mwa refa. Pambano likaishia hapo.

"Baba! Si nilikuwa naongoza?"

Kocha alipapasa shingo yake tupu. "Nilikuona una jasho, mwanangu."

Ndipo mke wa mwenye bucha, aliyeketi na mumewe yuleyule, akasema kwa sauti: "Kumbe huwa linarushika!"