Wimbo Uliokuwa na Wenyewe Wengi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi alasiri, miaka ya sabini, nyumba mpya za mtaa wetu wa Umoja zikinuka rangi mbichi. Nilipiga gitaa katika bendi ndogo ya mtaani, na rafiki yangu Wafula, karani wa reli, alipuliza saksafoni. Watu walitupendea wimbo mmoja tu, wa jazi, wa taratibu, usio na maneno. Una sehemu nne. Ya kwanza na ya pili zinafanana. Ya tatu inatoka nyumbani na kuingia huzuni. Ya nne inarudi mlangoni ilikotokea. Kisha kila mpigaji hupewa zamu autembeze apendavyo, halafu ampokeze mwenzake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulipopata nafasi ya kutoa santuri, nikaulizwa mtungaji ni nani, nikaandika jina langu. Wala sikuona kama ni uongo, maana niliamini wimbo ule ni wa nyanya yangu, aliouimba akipalilia kule Murang'a.

Jumamosi ile Wafula alilisoma jina lile mara mbili.

"Kwani Kamau, hiyo sehemu ya tatu ulifunzwa na nani?"

Akasema ni wimbo wa kanisani kwa mama yake, Bungoma. Tukagombana mbele ya bendi nzima, tukatukaniana makabila. Naona haya hata sasa.

Tukamfuata Mzee Karanja, aliyepiga tarumbeta kwenye madansi ya mjini zamani, atuamulie. Tulimkuta Soko la Burma akingoja nyama yake ichomwe. Nilijua atanitetea, mtu wa kwetu. Lo! Mzee akasema yeye aliusikia kwenye santuri ya Amerika kabla sisi hatujazaliwa, na huko nako wenyewe walidai waliurithi kwa mababu waliotolewa huku Afrika. Nikamuuliza, basi ni wa nani?

"Sijui," akasema. "Lakini wewe kijana, ulipewa zamu. Mbona umeondoka na wimbo mzima?"

Nikajiambia nitamwomba Wafula radhi Jumatatu, hasira zikipoa. Jumatatu ikawa mwezi, na wa pili haujaisha akahamishiwa kazi Kisumu. Sikumwona tena.

Nimezeeka, mwanangu, na bado sijui wimbo ulitoka wapi. Nikiusikiliza hivi namsikia nyanya, nikiusikiliza vile nasikia kanisa ambalo sijawahi kuingia. Najua jambo moja tu: sehemu ya tatu nilipewa na Wafula, na jina lake halimo kwenye santuri. Nikifika hapo mkono husimama wenyewe, nikingoja saksafoni.

Basi ukikabidhiwa kitu kizuri, mtaje aliyekukabidhi kabla ya kujitaja wewe. Na neno la kuomba radhi usililaze, kwa maana kesho ina safari zake. Mungu akupe mwenzako wa kukupokea wimbo ukichoka, na akupe ulimi wa kulitaja jina lake angali karibu, anakusikia.