Nilizuia Bipu Mbili za Mama

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usisome huku unatafuta mwingine wa kumlaumu. Wenye bunduki wana dhambi yao, watajibu kwa Mungu. Lakini Mama hana kosa hata kidogo, na miezi minane niliacha abebe lawama ambayo ni yangu. Mimi, msomi wa nyumba! Mtoto wa mwisho niliyesomeshwa kwa jasho la kaka yangu!

Jina langu sitalisema, wala la kijiji, wala la kampuni. Mengine yote nitakuambia.

Tunakaa Bigo, mtaa wa hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Niko na kaka yangu mkubwa, tunamwita Yaya, mke wake na watoto wao. Mama alibaki kijijini, kwenye njia ya kwenda Komanda, kwa sababu shamba la marehemu baba liko kule na hawezi kuliacha. Anapika maharage na mihogo kando ya barabara, anawauzia madereva. Kwa hiyo lolote linalopita kwenye njia ile, Mama analijua kabla ya watu wengi.

Yaya alikuwa mtu wa pikipiki. Anapeleka sabuni na chumvi Komanda, anarudi na madumu ya mawese. Pikipiki hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Sasa nikueleze bipu, maana yote yaliyonipata yametoka hapo. Kila asubuhi, kabla Yaya hajatoka, Mama alikuwa anambipu, yaani anampigia na kukata kabla hajapokea. Bipu moja: njia ni nzuri, njoo. Bipu tatu: wenye bunduki wako njiani, usitoke nyumbani. Hakuna kuongea. Wala si kwamba Mama alikosa unite, salio la kupiga simu! Ni kwamba kuongea kunasikika. Ukisimama uani na kusema “usikuje, wako hapa”, hujui nani yuko nyuma ya nyumba. Na Yaya naye alikatazwa kumpigia, kwa sababu simu ikilia mwilini mwa Mama saa mbaya ingemletea maswali. Bipu tu, basi. Nyumba nyingi za njia ile zina bipu zao.

Na Mama ana namna yake. Haweki simu sikioni kamwe. Anaishika mbele ya tumbo, chini ya kitenge, anabonyeza, anahesabu kimoyomoyo mpaka tano, anakata. Nilimwona akifanya hivyo tangu nikiwa sekondari. Shika neno hilo: nilikuwa najua.

Mwaka wa mwisho wa chuo nilipata staji, mafunzo ya kazini, kwenye kampuni moja ya simu. Injinia aliyenisimamia, tulimwita Shefu, akanipa utafiti wa kufanya. Kulikuwa na mnara mdogo wa simu, unaotumia umeme wa jua, kwenye njia ya Komanda. Asubuhi ulikuwa unazidiwa, simu hazipiti, watu wanalalamika. Shefu akasema, “Tafuta namna mnara ule ufanye kazi muzuri bila tununue mashine ingine.” Nilirukaruka kwa furaha! Mnara huo ndio unaompa Mama mtandao.

Mnara kama ule una nafasi chache, mfano wa mlango mwembamba. Kila simu inayobisha inachukua nafasi, hata kama haipokelewi. Nikachukua orodha ya simu za asubuhi, nikaanza kuzichambua. Nikakuta simu fupifupi zisizopokelewa, nyingi ajabu. Zinabisha, zinakata, zinabisha tena. Nikaziita kelele. Nikazipaka rangi nyekundu kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine.

Katikati ya zile nyekundu nikaona namba ya Mama.

Nilicheka. Sikufichi, nilicheka! Nikasema peke yangu, “Mama naye iko anasumbua rezo,” yaani mtandao. Kisha nikaendelea kupaka nyekundu.

Dawa yangu ilikuwa rahisi. Namba ikiipigia nyingine na kukata kabla ya kupokelewa, mtandao usiiruhusu kuipigia tena namba ileile mpaka dakika kumi zipite. Bipu ya kwanza inapita. Ya pili na ya tatu zinafia mlangoni. Nafasi zinabaki kwa wanaotaka kuongea.

Shefu akaiweka sheria hiyo kwa majaribio. Mstari kwenye grafiki ukapanda kama ulikuwa unanisubiri mimi. Simu za kuongea zikapita, malalamiko yakapungua, Shefu akaanza kuniita mwenzake. Wiki hizo njia ilikuwa na utulivu. Mama alibipu mara moja kila siku, na ile moja ilikuwa inapita. Hakuna aliyejua lolote.

Siku ya kutetea kazi yangu chuoni, mwalimu mmoja mzee kwenye juri, lile jopo la walimu, alivua miwani yake. Mengine yote tuliyasema kwa Kifaransa, lakini hilo aliniuliza kwa Kiswahili, kama baba: “Binti, hawa watu wanakata simu juu ya nini? Uliwauliza?”

Jibu lilikuwa mdomoni! Nilipaswa kusema tu, “Ndiyo, Profesa, mama yangu ni mmoja wao.” Lakini niliona haya. Nilikuwa msichana peke yangu kwenye darasa letu, nimevaa viatu vya kuazima, na mbele yangu kuna watu wenye tai. Nianze kuwaeleza habari za kitenge cha Mama? Nikasema, “Ni mazoea tu, Profesa. Ni watu wasio na unite.”

Yule mzee alinitazama kidogo, akavaa miwani yake. Wengine wakapiga makofi. Nikapewa alama za juu, na nyumbani Yaya alichinja kuku wawili.

Ikafika Jumanne ile.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa gauni jipya. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamefika kutoka Kinshasa ili wausikilize utafiti wangu, na Shefu alikuwa ameninong'oneza kwamba wakipendezwa nitapata kazi. Yaya alikuwa anakunywa chai kabla ya kuondoka. Simu yake iko mezani, kati ya kikombe chake na changu.

Ikatetemeka mara moja, ikanyamaza.

“Mama amesema,” Yaya akasema. “Njia iko muzuri.”

Mimi niliendelea kuitazama ile simu. Ndipo akili ikanijia. Ya kwanza inapita. Nyingine zinafia mlangoni. Kama Mama amebipu mara moja, Yaya amepata moja. Na kama amebipu mara tatu, Yaya amepata moja!

“Yaya,” nikasema.

“Nini, Injeniya?” Ndivyo alivyokuwa ananitania tangu nianze staji.

Kilichohitajika ni sentensi moja. Usiamini hiyo bipu, ngoja kwanza. Lakini angeniuliza kwa nini. Ningelazimika kueleza, na nikishaeleza, nitasimamaje mbele ya wale wakubwa nikijua kazi yangu ina tundu? Nikajiambia njia ina utulivu tangu wiki nyingi. Nikajiambia Mama amebipu moja tu, kama kila siku.

“Chai yako inapoa,” nikasema.

Akaimaliza, akafunga mizigo, akawasha pikipiki. Nilisikiliza mlio wake mpaka ulipopotea.

Mbele ya wale wakubwa mdomo wangu ulisema mambo ya grafiki, lakini mimi sikuwa pale. Simu nilikuwa nimeizima, iko kwenye mkoba, na sikuacha kuutazama mkoba. Mkubwa mmoja aliniuliza swali mara mbili ndipo nikasikia. Walipenda! Walinipa mkono mmoja mmoja. Nilitoka hadi kwenye korido, nikawasha simu, na simu ya mke wa Yaya ikaingia palepale.

“Uko wapi weye? Tunakuita tangu asubuhi! Kuya ku hopitali. Yaya wamemupiga masasi.”

Wenye bunduki walikuwa wamejificha kwenye kona, mbele kidogo ya kijiji cha Mama. Walichukua pikipiki na mizigo, wakamwacha kando ya barabara, mguu umepondwa na risasi. Dereva wa lori la mbao ndiye aliyemwokota na kumleta. Madaktari walijaribu. Siku ya pili wakaukata mguu chini ya goti.

Mama alifika siku ya tatu. Njia ilikuwa imefungwa, na ilipofunguliwa alipanda lori la kwanza. Alisimama kando ya kitanda, hajavua hata kilemba. Yaya akamgeukia.

“Mama, ulinibipu mara moja. Juu ya nini?”

“Nilibipu tatu, mutoto yangu. Tatu! Niliwaona na macho yangu wanapita.”

“Iliingia moja, Mama,” mke wa Yaya akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Simu yake iko hapa. Angalia weye mwenyewe.”

Mama akaichukua ile simu. Akaiangalia, akairudisha. Kisha akaanza kutazama vidole vyake.

“Labda nilikosea kuhesabia,” akasema. “Nilikuwa na woga. Na uzee iko mubaya.”

Mimi nilikuwa pale! Nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika bakuli la uji. Sikusema neno. Mungu wangu, sikusema neno!

Kesho yake nilikwenda ofisini mapema, nikafungua orodha ya Jumanne. Namba ya Mama ilikuwepo. Imempigia Yaya mara tatu, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza imepita. Ya pili imekataliwa. Ya tatu imekataliwa. Sababu iliandikwa pembeni, kwa maneno niliyoyachagua mimi mwenyewe.

Nilimwambia Shefu. Alisoma ule mstari, kisha akageukia kompyuta na kuiondoa ile sheria. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai. Kitu kilichokula mguu wa kaka yangu kiliondolewa hivihivi, kwa vidole viwili.

Kazi nilipewa. Na nikaikubali! Nilijiambia nitawasaidia kwa mshahara, na kweli nilimnunulia Yaya magongo mazuri. Alinishukuru. Alisema Mungu alijua kwa nini nilisoma. Nilikwenda kulia chooni.

Huku Mama, kila alipokuja kututembelea, anazidi kupungua. Alianza kufunga punje tatu za mahindi kwenye ncha ya kitenge. Kabla ya kumbipu mtu yeyote, hata jirani tu, anazifungua, anazipanga kwenye kiganja, anahamisha moja moja. Wajukuu walimcheka. Mke wa Yaya akawa hamwachii tena mtoto mchanga, kwa kisingizio hiki na kile. Na Yaya, aliyekuwa anamtania Mama kila wakionana, akawa anamjibu ndiyo na hapana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa. Nilimwona mtu mwingine akifa polepole mahali pangu.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mama alikuja Bigo mikono mitupu. Nikamuuliza simu yake iko wapi.

“Nilimupatia jirani,” akasema. “Simu inaomba mutu mwenye anajua kuhesabia. Miye nitaua mutu.”

Hapo nilivunjika. Nilipiga magoti palepale sebuleni, mbele ya Yaya na mke wake, nikasema yote. Mnara, rangi nyekundu, namba yake niliyoicheka, swali la yule mwalimu, chai. Nilisema mpaka mstari ule wa bipu tatu kwenye orodha. Nilingoja matusi. Nilingoja hata kofi.

Mama aliuliza neno moja tu.

“Sasa, nilihesabia muzuri?”

“Ulihesabia muzuri, Mama. Zilikuwa tatu.”

Akafungua ncha ya kitenge. Akatoa zile punje tatu, akaenda mlangoni, akawatupia kuku. Aliporudi alikaa wima, jinsi alivyokuwa anakaa zamani, na mke wa Yaya akainuka, akamwekea mtoto mapajani.

Yaya alikuwa bado ananitazama.

“Ulikuwa unaangalia simu,” akasema. “Asubuhi ile. Uliniita jina, nikakuitika. Weye ulijua.”

Tangu siku hiyo hajaniita Injeniya. Hajaniita chochote. Tunakula meza moja, tunapitishana chumvi, na magongo niliyomnunulia ameyasimamisha nyuma ya mlango. Anatembelea fimbo aliyochongewa na jirani.

Wewe unayesoma, na hasa wewe unayechunguza mitandao ili iende kasi, nakusihi! Ukikuta kwenye orodha yako kitu usichokielewa, usikiite kelele. Toka ofisini, nenda kamuulize mwenye namba. Anaweza kuwa amesimama uani sasa hivi, simu chini ya kitenge, anahesabu mpaka tano ili mtoto wake asife.

Na kama wewe ni kama mimi, kama jibu unalijua na unaona haya kulisema, liseme tu. Wacheke, wakunyime alama, wakunyime kazi. Liseme wakati mtu wako bado ameketi mbele yako na chai yake haijaisha.