Lori Liliporudi Nyuma

Mama yangu alikuwa mpishi katika shule niliyosoma, shule ya kutwa juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Nkubu. Barabara ya kuja shuleni ilikuwa ya udongo mwekundu, imenyooka kutoka chini mpaka langoni, na upande mmoja ilipakana na shamba la majani chai. Kutoka darasa letu la kidato cha tatu uliiona yote, kwa sababu madirisha hayakuwa na vioo.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na kukatika. Mama alikuwa ameteremka sokoni na lori la shule kuchukua kuni na kabichi. Sisi tulikuwa na somo la fizikia. Mwalimu wetu alikuwa kijana, mtu wa upande wa Embu, mpole, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Alikuwa amechora mstari mmoja na kutuambia kwamba kwenda juu ni chanya na kurudi chini ni hasi. Kisha akafika kwenye mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika.

"Mkiona alama ya kutoa mbele ya mchapuko," alisema, "jueni gari linapunguza mwendo. Alama ya kujumlisha, linaongeza. Andikeni."

Akaiandika sentensi hiyo ubaoni, nasi tukanakili. Nami nikainua mkono. "Mwalimu, na gari likisimama?"

"Likisimama limesimama. Kasi sufuri, mchapuko sufuri."

Nikaandika hilo pia. Sikuwa na sababu ya kutoamini. Kwetu, neno la mwalimu halikuwa kitu cha kupimwa.

Ndipo tukasikia lori likianza kupanda. Tuliijua sauti yake, nasi wa dirishani tukageuza shingo. Lilikuja kwa nguvu kutoka chini, limejaa kuni, na ndani, kando ya dereva, nilikiona kitambaa cha kichwani cha mama, cha rangi ya chungwa. Katikati ya kilima magurudumu yakaanza kuteleza. Lori lilipunguza mwendo, likapunguza tena, likawa linatambaa. Halafu likasimama.

Nakumbuka nilishusha pumzi. Nilisema moyoni kwamba sasa dereva atatia gia nyingine, au mama atashuka atembee.

Halikukaa. Sijui kama lilisimama hata kwa muda wa kupepesa macho. Lilianza kurudi nyuma, polepole kwanza, kama kitu kinachofikiri, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Breki hazikushika kwenye matope. Kuni zilianza kuanguka kutoka kandoni, zikabaki barabarani mbele ya lori. Kitambaa cha chungwa kilikuwa kinakwenda mbali nami, na kadiri kilivyokwenda ndivyo kilivyozidi kasi.

Karibu na chini dereva alikata usukani. Lori likaingia kinyumenyume katika shamba la majani chai, likaivunja mistari ya michai mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukilipunguza mwendo kidogo, mpaka likatulia limeinama.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kutoka. Nilimfuata nikianguka na kuinuka kwenye matope. Tulipofika, dereva alikuwa ameketi chini, ameshika kichwa. Mama alikuwa amesimama kando ya mlango, amekumbatia kabichi moja kifuani kama mtoto. Hakuwa na jeraha ila mkwaruzo shavuni.

"Mama," nilisema.

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. "Lilisimama," akasema. "Nilijua limesimama. Nilikuwa nimeshaweka mkono mlangoni nishuke."

Mwalimu alimwambia, "Pole sana, mama," kisha akaondoka kidogo, akatazama kilima chote kutoka chini hadi juu. Kidole chake kilifuata alama za magurudumu, kupanda, kisha kushuka.

Tuliporudi darasani, saa ya somo lingine ilikuwa imefika lakini yeye aliingia tena. Alichukua kifutio akafuta sentensi yake.

"Nimewafundisha vibaya," alisema.

Huo ukawa mshtuko wangu wa pili asubuhi hiyo, na sijui upi ulikuwa mkubwa. Sikuwahi kumsikia mtu mzima, sembuse mwalimu, akisema hivyo mbele ya watoto.

Akachora kilima. Lori linapanda: kasi chanya, mchapuko hasi, kwa hiyo linapunguza mwendo. Lori linarudi: kasi hasi, mchapuko ule ule hasi, na tumeona wenyewe linavyozidi kukimbia. "Alama haiwaambii kama kitu kinakwenda polepole au haraka," alisema. "Inawaambia upande. Kilima kililivuta lori upande wa chini wakati wote."

Mtu mmoja akauliza, "Na kwenye majani chai?"

"Pale lilikuwa linakwenda chini, na michai inalisukuma juu. Mchapuko ukawa chanya. Na likasimama."

Nilibaki nimeukodolea ubao macho. Alama ya kujumlisha, niliyoandika kwamba ni ya kuongeza mwendo, ndiyo iliyomwokoa mama. Na pale katikati ya kilima, niliposhusha pumzi, kasi ilikuwa sufuri lakini mchapuko haukuwa sufuri hata kidogo. Niliona kama lori linarudi upya.

Dereva aliacha kazi wiki hiyo, akaenda Timau kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Mama aliendelea kupika, ila hakupanda tena gari lolote kwenye kilima kile. Alitembea, mvua au jua.

Jioni moja nyumbani, akimenya viazi, nilimweleza yote kwa Kimeru, nikichora kwa kijiti kwenye jivu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata tuliposimama," aliuliza, "tulikuwa bado tunavutwa?"

"Ndiyo, mama. Sawasawa na mwanzo."

Aliweka kisu chini, akajishika shavu pale palipokuwa na mkwaruzo. Nami nikakitupa kijiti na kumaliza viazi mwenyewe.