Beseni la Kunawia Tumbaku

Kwetu Goweko, mbwa akitapika watu husema kala sumu, na dawa ya sumu ni maziwa. Wangu nikamnywesha siku mbili, akazidi kutapika. Nikamsema jirani kwa kumtegea sumu mpaka koo likanikauka.

Bwana mifugo alipofika hakunisikiliza.

“Acha maziwa. Mpumzishe tumbo, umpe maji kidogo kidogo. Huwa anakunywa wapi?”

Nikamwonyesha beseni tunalonawia mikono tukitoka kuchuma tumbaku. Akalimwaga, akasema utomvu wa tumbaku ni sumu, hupenya hata ngozi.

Kesho yake mbwa alilamba uji. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Utotoni, kila msimu wa kuchuma, nilitapika vivyo hivyo, na mama, masikini, alininywesha maziwa, kisha akanirudisha shambani.