Siku Sabufa Ilipoazimwa

Ile risiva niliichukia tangu ilipovuka mlango. Mume wangu aliileta kwenye lori lake la fuso ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi letu la wageni, na mimi mwenye mimba kubwa sikuwa na pa kukaa, kwa sababu makochi yote yalikuwa yamesukumwa ukutani kuipisha. Aliinunua kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa Mkongo mmoja aliyekuwa anahamishiwa nje ya nchi. Yule Mkongo alipewa simu aniondoe wasiwasi. "Mama, usiogope, hii iko solide, imara kabisa," akaniambia. "Ukiifungulia, hata mawe yatacheza."

Majirani waliiita redio, na mume wangu alikuwa anakasirika kweli. "Redio ni ya kusikilizia matangazo ya vifo. Hii ni risiva." Sanduku jeusi, zito, lenye taa ya bluu. Spika tano akazitundika kwenye kona za sebule karibu na dari, na sabufa, ile spika ya besi, kubwa kuliko ndoo ya maji, akaiweka sakafuni kando ya mlango wa chumba tunacholala. Risiva ikawa na sheria nyingi kuliko mimi niliyeolewa. Usiifunike kitambaa, inahitaji kupumua. Usiweke kikombe juu yake. Mvua ikinguruma, kimbia uchomoe waya. Mvua za Kasulu zina radi za kupasua mti, mimi nalala chini ya kitanda kwa woga, na yeye anapiga simu toka Nyakitonto alikofuata maharage: "Umechomoa?" Haniulizi kama nimepona.

Mtoto wetu wa kike alipozaliwa, alikaribishwa na kwaya. Nilitoka wodini, nikamlaza kitandani, na baba yake akaiwasha kwa furaha. Vikombe vikagongana kabatini. Nilitaka kupiga kelele, lakini mtoto hakukunja hata uso. Alilala mdomo wazi.

Basi ikawa sifa. Mume wangu akiwa nyumbani siku za Jumapili, wageni wanaletwa kuona. Anamlaza mtoto kwenye kochi, anapandisha volyumu mpaka mabati yanatetemeka, na mtoto analala tu.

"Dada, huyu ni mwanajeshi," jirani yangu alikuwa anasema huku ameziba masikio. "Wa kwangu akisikia kuku amepiga mbawa, analia mpaka jioni."

"Wa kwako amezaliwa kwenye redio," mume wangu anajibu. "Wa kwangu kwenye risiva."

Alipoanza kutambaa, ndiyo kabisa tukadanganyika. Risiva ikiwashwa yeye akiwa chumbani, anageuka hapohapo, anatambaa mbio kwenda kwenye sabufa, anaikumbatia, anabandika tumbo na shavu, anatikisa kichwa. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kibondo akayaona hayo akalia machozi. Yeye aliingia nchi hii akiwa msichana, akikimbia vita ya Burundi, na anasema kilichomfikisha akiwa mzima ni nyimbo. Leo ni raia, ana shamba, na kwenye kwaya ya kanisa lao hakuna anayethubutu kukaa kwenye kiti chake. "Mana yanje, Mungu wangu!" akasema. "Huyu ni wangu. Huyu nitamrithisha sauti."

Mtoto alikuwa ametimiza mwaka na hajasema hata "mama". Nikauliza. Upande wa mume wangu wakaniambia baba yake naye alichelewa.

Halafu kanisa letu likaja kuazima sabufa. Walikuwa na mkutano wa injili, spika yao ya besi ilikuwa imeungua, mashine nyingine wanazo. Mume wangu yuko safarini, akakubali kwa simu kwa shingo upande. Vijana wa kwaya wakaibeba kama wamebeba jeneza.

Asubuhi yake nilikuwa naosha vyombo, mtoto amekaa kwenye mkeka sebuleni akivuruga magunzi ya mahindi. Nikawasha ile risiva mwenyewe. Nilikuwa na hasira zangu, nikapandisha. Spika tano kule juu zikapiga mayowe, sauti nyembamba, kali, haina besi. Hata mbuzi wa jirani aliruka.

Mtoto hakugeuka.

Nikadhani amenogewa na magunzi. Nikapandisha tena. Hakugeuka. Baadaye kidogo aliinua macho, akaona ile taa ya bluu inawaka. Akatambaa mpaka pale sabufa inapokaa siku zote. Akaweka kiganja sakafuni. Akaweka na cha pili. Akalaza shavu kwenye saruji, akasubiri. Halafu akaniangalia, kama mtu aliyekuja kwa mwenyeji wake akakuta nyumba imefungwa.

Nilisimama na sahani mkononi, maji yanachuruzika miguuni, nyumba inapiga kelele, na mtoto wangu ananitazama ndani ya ukimya ambao mimi siufahamu.

Nikazima. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakiangusha nyuma yake. Akashtuka, akageuka! Nilicheka kwa sauti kama kichaa, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona kile kifuniko bado kinacheza kwenye saruji, na mguu wangu peku unakisikia. Furaha ikanikauka. Nikakiokota, nikakishika juu hewani, nikakipiga kwa mwiko nyuma ya kisogo chake. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka jirani akaita dirishani, "Dada, kuna nyoka?"

"Hakuna," nikajibu.

Mtoto alikuwa anatoa punje zilizobaki kwenye gunzi.

Siku zile mpaka mume wangu aliporudi, sikula vizuri. Nilikuwa namnyemelea mwanangu kama mwizi. Napiga makofi nyuma yake, namwita mlangoni, nafunga mlango kwa kishindo halafu najilaumu kwa sababu kishindo kinapita sakafuni na hakinipi jibu. Kila akigeuka nilitafuta sababu nyingine: kivuli, upepo, mkeka kuvutika. Niliogopa akigeuka, niliogopa asipogeuka.

Mume wangu alipofika nikamwambia kabla hajavua viatu.

"Mtoto hasikii."

"Nani kakwambia?"

"Mimi."

"Wewe umesomea wapi udaktari? Ni mkaidi tu huyo, kama mama yake." Akapiga makofi mbele ya uso wa mtoto, mtoto akacheka. "Umeona?"

"Amekuona! Piga kwa nyuma."

Akaenda nyuma, akakanyaga chini kwa buti. Mtoto akageuka.

"Umeona?"

"Usikanyage, baba! Ukikanyaga anasikia kwa makalio. Washa hiyo risiva yako. Washa bila sabufa."

Akaiwasha. Akapandisha, akapandisha, mpaka mwisho ambako hajawahi kufika hata kwa kuwaringishia wageni. Spika moja ikaanza kukoroma. Mtoto alikuwa ameinama miguuni pake, anavuta kamba ya buti lake. Mume wangu aliinama, akamwita jina lake karibu na sikio, kwanza kwa ukali, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akazima. Akatoka nje akakaa kwenye fuso, milango imefungwa, na hakwenda popote.

Watu walipojua, kila mmoja akaja na maneno yake. Jirani yangu yuleyule mwenye kuziba masikio akasema, "Redio imemuua masikio. Tuliwaambia." Hakutuambia, alikuwa anakuja kunywa chai na kucheka. Mama mkwe akapiga simu kutoka Kibondo: "Mukazana wanje, mke wa mwanangu, usilitamke hilo neno. Ukilitamka mara nyingi linamshika mtoto. Sema amechelewa." Lakini mwisho wa simu naye akaniuliza polepole, "Lile lidude, kwa nini mlilifungulia kichwani pake?"

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma usingizini. Kwamba alizaliwa mzima, na sisi wazazi wake tukamharibu kwa kwaya, huku tumeita wageni watazame.

Kanisani wakatangaza kwamba wataalamu wa masikio wanakuja hospitali kule Kibondo. Tukapanda basi. Njia nzima mume wangu alimpakata mtoto, ameweka kiganja masikioni pake kila dereva alipopiga honi. Nilitaka kumwambia amechelewa. Mama mkwe alitusubiri getini na uji kwenye chupa, akaingia nasi bila kuulizwa.

Kwenye benchi la kusubiri nilihesabu watu waliobaki mbele yetu. Mlango ukifunguliwa namuombea aliye mbele yangu achelewe kutoka. Ndani, mtaalamu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Akamwekea mtoto vitu masikioni, akabonyeza mashine, akatazama kioo, akabonyeza tena. Mwishowe akasema mtoto hasikii sikio hili wala hili, ila mngurumo mzito sana labda, na huo nao zaidi anaupata kwa mwili.

"Ni risiva?" mume wangu akauliza. Alitoa sauti kama ya mtuhumiwa.

Mtaalamu akauliza risiva gani. Nikamweleza yote: siku niliyotoka wodini, vikombe, wageni, kulala mdomo wazi.

"Siku ya kwanza kabisa hakushtuka?"

"Hakushtuka."

"Kelele kama hizo si nzuri kwa mtoto yeyote, na nyie wenyewe mtaharibikiwa," akasema. "Lakini mtoto mchanga anayesikia angeruka. Huyu inaelekea alikuja hivyo."

Mama mkwe akaanza kulia. Akasema tuombe. Mtaalamu akamwacha aombe, kisha akatuandikia twende hospitali kubwa kuulizia vifaa vya masikioni, na akasema tusisubiri vifaa, tuanze kuongea naye kwa mikono leo. Hofu moja ilinitoka pale. Nyingine ikaingia ikakaa kwenye kiti chake: huyu mtoto ataishije?

Tuliporudi Kasulu mume wangu alitaka kuiuza ile risiva. Alianza kung'oa waya kwa hasira, mtoto amemshikilia suruali akinyoosha kidole kwenye sabufa iliyorudi kutoka kanisani. Nikamwambia aache. Sikumwambia kwa mapenzi. Kama besi ndiyo anachopata, apate. Siku hizi tunazima zile spika za juu, tunamwachia mngurumo peke yake, wa wastani, na mikono yangu inamwonyesha: imewaka, imezimika.

Kisha akajifunza kutembea, na hofu yangu ikatoka nje pamoja naye. Nyumba yetu iko kandokando ya barabara ya vumbi ya kwenda sokoni. Mchana mmoja nilikuwa naanika mchele, nikageuka, yuko katikati ya barabara anafuata kifaranga, na bodaboda inateremka na gunia la mkaa nyuma, inapiga honi, inapiga honi. Nilimwita. Nikakanyaga ardhi kwa nguvu zangu zote. Vumbi si saruji. Yule dereva alikuwa na uhakika mtoto atapisha, kwa sababu watoto wote hupisha. Akakwepa mwishoni kabisa, gunia likamwagika, akaja ananifokea.

"Mama, wewe vipi? Mtoto gani hasikii honi?"

"Huyu!" nikasema. "Ni kiziwi! Huyu ni kiziwi!"

Ndiyo mara ya kwanza nililitamka barabarani, mbele za watu. Yule kijana akaanza kuokota mkaa.

Sikumsaidia. Nilimbeba mwanangu, nikaenda mpaka kijiwe chao cha bodaboda. Walikuwa wamekaa juu ya pikipiki wanataniana.

"Dada mrembo, twende wapi?"

"Popote siendi. Mtazameni huyu mtoto usoni. Hasikii. Honi zenu kwake si kitu. Mkimwona, simameni."

"Tutapiga honi kwa nguvu, dada."

"Nimesema hasikii. Au na wewe ni kiziwi?"

Wenzake wakamcheka. Mmoja aliyekuwa mkubwa wao akashuka kwenye pikipiki, akamtazama mtoto vizuri, akauliza anakaa nyumba ipi. Nikamwonyesha. Akawaambia wenzake, "Pale kwenye mabati mekundu, mguu kwenye breki. Mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Sikuwaamini hata kidogo. Nikambadilisha mtoto ubavu, nikaenda kijiwe cha pili.