Mama Emérita na Bingwa wa Kitshanga

Mwaka 2009, mashindano ya sataranji yalifanyika katika darasa moja la mji wa Kitshanga, na waliokimbia vita wakaruhusiwa kucheza. Mama Emérita, mwalimu aliyekimbia kutoka Muheto, alijiandikisha kwa sababu ya mtu mmoja. Guylain, bingwa wa mji, ndiye pia aliyekuwa akiandika orodha ya chakula ya kambi yao, na ndiye aliyeifuta humo nyumba ya Emérita, akidai kwamba Viateur, mumewe, alijiandikisha mara mbili ili apate chakula zaidi. Viateur sasa alikuwa marehemu. Wa kumjibia alibaki mkewe.

Emérita alijua hamwezi Guylain. Mchezo wenyewe alifundishwa na mumewe tu, jioni baada ya kupalilia viazi.

Mapema kidole chake kilimgusa farasi, na papo hapo akaona kwamba ngome yake iko hatarini. Kanuni inasema uliyemgusa ndiye utakayemchezesha. Hakuna aliyeona.

"Nimegusa farasi," akasema, akamsogeza. Guylain akaila ngome.

"Mama anajichinja mwenyewe," mtu akasema nyuma, wakacheka.

Saa moja baadaye Guylain, akitaniana na wenzake, alimshika malkia, akasita, akamwachia, akasukuma askari.

"Umegusa malkia, kaka."

"Nani aliona?"

"Miye."

Guylain akawageukia wenzake. "Batu ya nyumba ya Viateur banaonaka kila kitu mara mbili."

Emérita alisubiri kicheko kiishe. "Malkia," akasema tena.

Sista Godelieve, mwamuzi, alikuwa akitazama saa wakati ule. 

"Mama alijishitaki wakati hakuna aliyemuona. Siwezi kumwita muongo sasa. Guylain, cheza malkia."

Popote ambapo angeenda, malkia angeliwa. Akaliwa.

Lakini Guylain hakuitwa bingwa bure. Kwa ngome zake mbili alimbana mfalme wa Emérita pembeni.

"Mama, iko mwisho. Kubali tu."

"Nilishakimbia Muheto. Hapa sikimbii. Maliza."

Emérita akacheza mpaka mfalme wake akakosa pa kwenda. Guylain akanyoosha mkono. Emérita akaacha mikono yake ndani ya kitenge.

"Kwanza useme juu ya Viateur, mbele ya hawa wote."

 Guylain akamtazama Sista, kisha akatazama sakafu.

"Labda tulikosea kwenye orodha."

"Toa hiyo labda."

"Tulikosea, Mama."

Hapo akampa mkono.